Askari Aliyeomba Blanketi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukinyoosha kijiti. Kilikuwa kimeinama upande wa mlango, na kitu kilichoinama hunikosesha raha. Nikienda kwa watu nikaona picha ukutani imekwenda upande, sisikii tena mazungumzo mpaka niinuke niiweke sawa. Kwa hiyo nilipokikuta kile kijiti ndani ya hospitali ya zamani ya wanajeshi, kimechimbiwa kwenye sakafu iliyopasuka, hakifiki gotini, kimefungwa vitambaa vichakavu, sikujiuliza ni cha nani. Nilijiuliza tu kwa nini aliyekichimbia hakukisimamisha vizuri.

Hospitali yenyewe iko nje ya Malindi, kwenye njia ambayo sitaitaja, maana sitaki mtu aifuate kwa sababu yangu. Si hospitali tena. Ni kuta nene za mawe ya matumbawe, madirisha yasiyo na mbao, na sakafu ambayo mizizi imeiinua. Watu husema ilijengwa wakati wa vita vya pili vya Wazungu, wanajeshi waliojeruhiwa wakaletwa pwani kuuguzwa. Vita vilipokwisha wenyewe wakaondoka. Mabati yakachukuliwa moja moja, milango ikafuata, na kilichobaki kikawa mali ya hadithi.

Mimi hadithi nilizihitaji. Wazazi wangu walitoka Kitui, baba akifuata kazi ya upishi katika hoteli moja ya Watamu. Nimezaliwa huku, lakini Kigiriama changu ni cha sokoni: kusalimu, kuuliza bei, kushukuru. Baada ya kidato cha nne sikuwa na njia ya kwenda mbele, nikajifundisha Kiitaliano peke yangu kwa simu, nikirudia sentensi moja mbele ya kioo mpaka mama akagonga mlango kuuliza nagombana na nani. Nikaanza kuwazungusha wageni kwa baiskeli za kukodi. Cheti cha kuongoza wageni sikuwa nacho. Kila asubuhi niliamka na hofu kwamba leo ndiyo leo, mgeni atauliza swali na mimi nitakosa jibu, na watu wote watajua kwamba kazi hii nimejiokotea tu. Dawa niliyoipata ni kuandaa kila kitu mpaka kisiwe na tundu.

Habari za mizuka ya hospitali nilizikusanya kwenye kituo cha bodaboda kilicho karibu na pale. Niliwanunulia chai, nikakaa kusikiliza.

"Mimi nimesikia viatu vya kijeshi kwa masikio yangu," mmoja alisema. "Kwata, kwata, kisha kimya."

"Hao walikuwa mbuzi."

"Mbuzi wako huvaa buti?"

"Yupo yule wa mlangoni," akaingilia mwendesha boda wa makamo. "Huyo hana ubaya na mtu. Husimama tu akakwambia, ndugu, nasikia baridi, nipe blanketi."

"Baridi, Malindi hii?" wakacheka wote. "Huyo mzuka ni wa Limuru, kule kwenye baridi!"

Nilicheka nao, na usiku huo nilipokuwa nikipanga maneno yangu nilimtazama huyu wa blanketi nikamwona dhaifu. Mzuka gani huomba blanketi? Mgeni hatoki Roma kuja kusikiliza mtu anayesikia baridi. Nikambadilisha. Nikamkata mguu. Nikasema madaktari waliukata bila dawa ya ganzi, wakauzika nyuma ya jengo, na tangu siku hiyo askari anaruka kwa mguu mmoja kutoka wodi hadi wodi akiuliza, "Mguu wangu uko wapi?" Niliandika maneno hayo upya sijui mara ngapi. Nilijua ni neno gani nitalinong'ona na ni lipi nitalipigia kelele.

Ilibaki kupata kitu cha kuonyesha. Kijiti kile kilinifaa, ila kilikuwa wodi ya mwisho, pembeni, kwenye giza, na picha zake hazikutoka vizuri. Kukinyoosha hakukutosha. Siku moja nilikwenda na sururu, nikaking'oa, nikakihamishia chumba kikubwa chini ya dirisha, ambako jua la asubuhi hupiga. Vile vitambaa vilikuwa vimekwajuka, havijulikani kama ni vyeupe au ni rangi ya vumbi. Nikavikata kwa kisu, nikavichoma pamoja na takataka nilizokuwa nimefagia. Nikakifunga kitambaa kipya chekundu, fundo zuri la bapa, kama ninavyofunga mizigo ya baiskeli. Kipande kilichobaki nilikifunga kwenye mkanda wa begi langu ili wageni wanitambue kwa mbali.

Nakumbuka nilirudi nyuma hatua chache nikatazama, na moyo wangu ukatulia. Sasa naona haya hata kuuandika utulivu ule.

Wageni walipenda. Mmoja alimleta mwenzake, mwenzake akaleta wengine, na mimi nikaanza kutembea kama mtu mwenye cheti.

Asubuhi moja nilikuwa pale na Waitaliano watatu, mume na mke na rafiki yao mmoja mnene mcheshi. Nilikuwa nimefika mahali pa kunong'ona. Nikasikia mtu anakohoa. Wanawake wawili walikuwa wameingia kwa upande wa nyuma na kukaa kwenye ukuta uliobomoka kupumzika. Mmoja alikuwa bibi mzee sana, amejifunga leso mbili, ameshika mkongojo. Mwenziwe alikuwa bintiye, mama wa makamo, mkononi ana kidumu cha tembo la mnazi na kifuu cha kunywea.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Endelea na kazi yako, sisi tunashusha pumzi tu. Tumetoka Adu alfajiri."

Alikuwa amegeuza uso upande kama mtu anayesikiliza ukuta. Nikaona sababu: jicho la kulia lilikuwa na utando mweupe mzima, na la kushoto lilikuwa limeanza.

Nikaendelea. Askari akakatwa mguu. Yule mgeni mcheshi akainua mguu wake mmoja, akaruka huku na huku akilia kwa sauti nyembamba, wenzake wakashika mbavu.

"Wanaambiwa nini hawa?" bibi akamuuliza bintiye.

"Sijui, mame. Ni Kiitaliano."

"Muulize."

"Nawaeleza historia ya hospitali, bibi," nikajibu mwenyewe haraka.

"Ya wagonjwa waliokuwa hapa?"

"Ndiyo, bibi. Ya wagonjwa."

Uso wake ukafunguka. "Basi waambie na baba yangu alikuwa humu. Alikuwa askari. Humu ndimo alimofia. Waambie, mwanangu, wajue."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza hata kuwaambia wale wageni twende zetu. Lakini walikuwa wakinitazama wakingoja, na mimi mtu akiningoja siwezi kukaa kimya. Nikatafsiri: anasema baba yake alikuwa askari, alifia hapa.

Kisha yule mnene akauliza kama ndiye huyo wa mguu mmoja, na mke akampigia bibi makofi. Wote watatu wakapiga makofi. Walidhani nimempanga. Walidhani ni sehemu ya mchezo, bibi niliyemweka pale dakika ya mwisho ili hadithi ifunge vizuri. Wakanishika bega, wakaniambia mimi ni hodari.

Sikuwasahihisha.

"Mbona wanapiga makofi?" bibi aliuliza.

"Wanakuheshimu, bibi."

Akainamisha kichwa, akawashukuru kwa Kigiriama.

Wageni wakatawanyika kupiga picha. Bibi akainuka, akaanza kwenda wodi ya mwisho, kiganja kimoja kikipapasa ukuta. Alikwenda kama mtu anayekwenda jikoni kwake. Nilibaki nimesimama. Nilijua anakwenda wapi kabla hajafika. Nikamsikia anaita.

"Wee! Hebu njoo. Hapa pana shimo."

Bintiye alikimbia, kisha akarudi chumba kikubwa akitazama kila pembe, mpaka akakiona kijiti chini ya dirisha. Akachuchumaa mbele yake. Hakukigusa.

"Nani amefanya hivi?" aliniuliza.

"Labda ng'ombe, mama. Huingia humu kila siku."

"Ng'ombe." Akainama kulitazama lile fundo. "Ng'ombe wa kujua kufunga fundo." Kisha akainua macho taratibu mpaka kwenye mkanda wa begi langu. "Na kitambaa kilichobaki kajifunga mwenyewe."

Maishani mwangu nimejiandaa kwa maswali mengi, hilo halikuwemo.

Bibi alikuwa amefika, amesimama mlangoni. "Nguo zake ziko wapi?"

"Nguo gani, bibi?"

"Nguo alizovaa. Zile zilikuwa za hando la mama."

Bintiye ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini, si kwa wema, ila kwa sababu nilikuwa nimesimama pale kama gogo. Kijiti kile kilikuwa koma ya babu yake. Kwao mtu akifa huwekewa koma, mti mfupi unaosimama badala yake, na hapo ndipo jamaa zake humwagia mnazi na kuzungumza naye. Kwa kawaida hukaa nyumbani. Huyu alichukuliwa jeshini mkewe akiwa na mimba, mimba hiyo ndiyo bibi. Akajeruhiwa, akaletwa hospitali hii, akafa, na wanajeshi wakamzika bila kumwonyesha mtu kaburi. Miaka baadaye mwanawe mkubwa, kaka yake bibi, akamwota. Amesimama mlangoni, anasema hajui njia ya kurudi nyumbani, na anasikia baridi. Wazee wakaamua aletewe koma papa hapa pumzi yake ilipokatikia. Mkewe alikuwa hai bado. Akachana hando lake, ile sketi nyeupe ya marinda aliyoolewa nayo, akamvisha.

Yule wa Limuru. Wale vijana wa bodaboda walikuwa wamesikia habari ya ndoto ile kutoka kwa mtu aliyesikia kwa mtu, na katika kupokezana kote huko hakuna aliyempokonya maneno yake. Mimi ndiye niliyemwona dhaifu. Nikamvua nguo, nikazichoma, nikampa mguu wa kukatwa.

"Vitambaa viko wapi, mwanangu?" bibi aliuliza tena.

"Sijui, bibi," nilisema.

Akakaa chini palepale sakafuni. Wiki iliyofuata, bintiye aliniambia, madaktari wa macho wangekuja katika zahanati moja upande wa kwao kuwapasua bure wenye utando. Jina la bibi lilikuwa limekwisha andikwa. Lakini alikuwa ameapa haingii kwa daktari kabla hajaja kumwambia babake.

"Yeye aliingia hospitali hakutoka," bibi alisema. "Nilitaka anisimamie. Sasa nitamwambia nani? Hicho ni kijiti tu."

"Nitakirudisha, bibi. Nitakirudisha sasa hivi, palepale."

"Utakirudisha? Ni muhogo huo? Koma ikishang'olewa, imekwisha. Huwekwa nyingine."

"Na nyingine haiwekwi mpaka wazee wajue ni nani aliyeing'oa," bintiye akaongeza. "Akijitokeza akasema, ni kazi ya asubuhi moja na kuku mmoja. Asipojitokeza, watakaa kutafuta ni adui gani anatuchezea, na hapo watu wataanza kutazamana vibaya, na mama hatatoka nyumbani kwenda kwa daktari." Akamwinua mama yake. Mlangoni akageuka. "Ukimwona huyo ng'ombe, mwambie aje Adu kabla ya wiki kwisha. Aulize dukani, kwa bibi wa macho ni wapi. Ataonyeshwa."

Alikuwa amenifungulia mlango. Nilichotakiwa kufanya ni kupanda bodaboda kesho yake na kusema sentensi mbili.

Sasa nieleze nilichofanya badala yake, maana hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo kuliko kile kijiti. Nilianza kuandika. Nilisema siwezi kwenda mbele ya wazee wa watu na Kigiriama cha sokoni. Nikafungua simu nikaanza kuandika maombi ya msamaha, kwanza kwa Kiswahili, kisha nikampelekea rafiki yangu wa Vitengeni anigeuzie Kigiriama. Akanirudishia jioni hiyohiyo. Nikaona maneno yake ni makavu, nikamwomba aongeze heshima.

"Wewe unaomba msamaha au unaomba kura?" aliniuliza kwa simu.

Sikucheka. Nikawa nakariri mbele ya kioo, nikikosea neno narudi mwanzo. Kisha nikaona siwezi kwenda mikono mitupu, lazima nipeleke hando. Nikazunguka soko la Malindi kutafuta kitambaa cheupe kinachofanana na kile nilichokichoma, na kila nilichokiona kilikuwa cheupe mno. Kisha nikasema shati langu la kola halijapigwa pasi. Kila siku nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na sura ya heshima. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana mjinga kuliko nilivyoogopa macho ya yule bibi kuzimika.

Nilipokwenda, wiki ilikuwa imekwisha pita.

Bintiye alikuwa uani anapukuchua mahindi. Aliponiona hakusimama. Akaita kwa sauti kuelekea ndani, "Mame, ng'ombe amefika."

Bibi akatoka akipapasa mlango. Nikamwamkia, nikatoa simu, nikaanza kusoma. Nilikuwa sijamaliza salamu za mwanzo aliponikatiza.

"Unanisomea?"

"Ndiyo, bibi. Nisije nikakosea."

"Zima. Sema."

Nikazima. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yakatoroka. "Niliing'oa mimi," nilisema kwa Kiswahili. "Nguo nilizichoma. Na wale Wazungu hawakuwa wanakuheshimu. Walikuwa wanacheka."

Kuku wakapita katikati yetu wakiokota mahindi.

"Hayo ya kucheka niliyajua," alisema. "Mimi ni kipofu, si kiziwi."

"Na madaktari, bibi?"

"Waliondoka juzi," bintiye akajibu. Akaendelea kupukuchua.

Kazi yenyewe ilikuwa kama alivyosema, ya asubuhi moja. Wazee wawili wa ukoo walikuja hospitali, wakaniuliza mbele ya watu kama ni mimi, nikasema ni mimi, wakaniuliza tena, nikasema tena. Kuku akachinjwa. Mnazi ukamwagwa. Kile kijiti changu chenye fundo jekundu kilitolewa chini ya dirisha, kikaachwa kilale porini. Kitambaa nilichokinunua sokoni hakikutakiwa. Bibi alichana leso aliyokuwa amejifunga, akaivisha koma mpya mwenyewe, vidole vikitafuta njia. Mimi niliambiwa niishike wima wakati udongo unashindiliwa. Ilikuwa inalalia upande wa mlango, na mkono wangu ukaanza wenyewe kuivuta.

"Muache," mzee mmoja alinipiga kofi dogo kiganjani. "Anatazama nje."

Bibi aliongea na babake muda mrefu. Sikuelewa mengi. Nilisikia neno la macho, na nikasikia anacheka mara moja.

Kambi nyingine ya madaktari wa macho ilichukua miezi kufika. Kabla haijafika, jicho la kulia lilianza kuuma, likavimba. Nilikwenda naye siku hiyo, nikashika mkongojo wakati wanampima. Daktari alisema la kushoto litapona, na likapona, lakini la kulia limecheleweshwa. Hakuuliza limecheleweshwa na nani. Bintiye alikuwa amekaa kando yangu. Aliutazama tu mkanda wa begi langu, ambao hauna kitu tena.

Bibi ananiita ng'ombe mpaka leo, hata mbele ya watu, na mimi huitika. Huwa ananitazama kwa jicho moja, na kila mara mimi naangalia lile jingine.

Wageni bado nawazungusha kwa baiskeli. Hospitali simpeleki mtu, na yule wa mguu mmoja sijamsimulia tena. Wapo waongozaji wengine walioniiga, nawasikia wakimsimulia, na nimewaambia wote kwamba ni uongo na kwamba aliyeutunga ni mimi. Baadhi wameacha, wengine hawajaacha. Bado naziweka sawa picha za ukutani kwa watu. Ila nikimkosea mtu namwendea siku hiyohiyo, kabla sijajua nitasema nini, na mara nyingi nasema vibaya.